Naomba ushauri: mzee wetu wa stoo na EFRIS

Shikamooni wakubwa. Niko Kampala, duka la vifaa vya ujenzi. Tangu URA (mamlaka ya mapato ya Uganda) ilipoanza kulazimisha EFRIS, mfumo wake wa risiti za kielektroniki, mwaka 2021, wenye duka waliosajiliwa kwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) lazima watoe risiti hizo, na mzigo wa stoo nao uingizwe kwenye mfumo. Mzee wetu wa stoo, ndiye aliyenifundisha kazi, bado anaandika daftarini. Daftari lake halikosei hata msumari mmoja! Lakini jioni naingiza yote upya mimi, na juzi bosi kasema atatafuta kijana. Imeniuma sana. Nilipomwelekeza mzee mbele ya wateja alinyamaza, na tangu hapo hagusi kompyuta. Nimfundisheje bila kumvunjia heshima? Yupo aliyemfundisha mtu wa rika la baba yake akafaulu?