Kadi za mchango na sare ya kichen pati zinanimaliza. Nyie mnakataaje bila kugombana na watu?

Mwalimu_wa_Kemia

Habari za jioni wadau. Nafundisha Kemia sekondari, nipo Kibaha. Baada ya kodi ya serikali, asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo, pensheni na bima, mkononi nabaki na kama 480,000. Hapo kuna pango, nauli, na mdogo wangu anasoma VETA. Nimeweka hesabu wazi asije mtu akaniita bahili.

Sasa hivi nina kadi tatu. Ya mwalimu mwenzangu, ya binamu yangu upande wa mama, na ya mdada niliyesoma naye chuo ambaye tangu tumalize hajawahi hata kunisalimia. Juzi kaibuka: "Mambo mpenzi, umepotea!" Nikajua tu. Hata sijamaliza kujibu kadi ikaingia, single 50,000, double 100,000, na namba ya mweka hazina chini yake.

Hizo mbili nyingine ningejikamua. Mtihani ni ya mwalimu mwenzangu. Ana kichen pati, ana sendofu, halafu ndiyo harusi, na mwenyekiti wa kamati ya kina mama ametangaza sare. Kitenge kimeshachaguliwa, 45,000. Mshono ni mmoja kwa wote, picha imetumwa: mikono ya puto, bitana ndani, chini mkia wa samaki. Kilemba. Viatu vya dhahabu. Kupambwa uso ni kwa mtu waliyempanga wao. Nimepiga hesabu nikafika 180,000 kabla ya zawadi na kabla ya mchango wenyewe. Zawadi nayo si hiari, meza yetu tumepangiwa friji.

Nikauliza kwenye kundi la WhatsApp, kwa adabu kabisa, kama naweza kuvaa kitenge nilichonacho chenye rangi inayokaribiana. Kimya. Baadaye mwenyekiti akajibu, "Mwalimu, usituharibie picha." Wenzangu wakamimina vikaragosi vya kucheka.

Kinachonibana zaidi, mimi mwenyewe naolewa mwakani Mungu akipenda. Mama kila siku ananiambia, "Usipochangia watu, wewe atakuchangia nani?" Mchumba wangu naye anataka tukafunge ndoa bomani, turudi kwao tule pilau, basi. Nikimgusia mama anashika kichwa: "Watasema una mimba."

Waliowahi kujitoa kwenye haya mambo, mlijitoaje? Na tafadhali mtu asiniambie nikope. Kausha damu wameshabeba televisheni ya jirani yangu.

Mluguru_Mpole

Friji mnanunua nyie. LUKU ya kuiwasha kamati ipi inachangisha?

MwekaHazina_Mstaafu

Mwalimu, pole. Nimekaa kwenye kamati nyingi, karibu zote nikiwa mweka hazina, kwa kuwa eti nina sura ya mtu asiyekula hela. Ngoja nikwambie mambo yanavyokwenda huko ndani.

Kikao cha kwanza, kabla hatujajua tuna shilingi ngapi, bajeti inasomwa. Milioni 25. Imetoka wapi? Kwenye harusi iliyopita. Mtu anachukua bajeti ya harusi ya fulani, anapandisha kidogo tusije tukaonekana tumeshuka. Ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, MC, muziki, video, keki, magari. Baada ya hapo ndipo zinaombwa ahadi, kwa sauti, mbele za watu. Mtu kaja na elfu hamsini moyoni, akisikia aliyekaa pembeni yake kasema laki mbili, naye anasema laki mbili, makofi yanapigwa. Kwenye daftari langu sijawahi kuona ahadi zote zikatimia. Wiki ya mwisho ni simu za usiku, na mwisho wa siku bwana harusi anakopa kuziba pengo la watu waliopigiwa makofi.

Kwa hiyo elewa kitu kimoja. Mweka hazina hana shida na anayetoa kidogo, ana shida na anayeahidi. Nitumie 30,000 leo, andika "kaka hii ndiyo yangu, kadi sihitaji," nitakuombea dua. Kadi maana yake sahani na vinywaji, na mpishi anatudai kwa kichwa. Asiyechukua kadi katuachia hela yake nzima.

Mama yako usimbishie sana. Lile daftari la nani alimchangia nani lipo kweli, shangazi yangu analo na halijapotea ukurasa. Kwa watu wa umri wao hiyo ndiyo ilikuwa bima, anayekuja na kuku harusini ndiye anayekuja na unga msibani. Ila hakuna aliyeandika humo rangi ya viatu. Harusi punguza, msiba usikwepe. (Ingawa siku hizi hata msibani kuna fulana za sare. Haya.)

Huyo aliyekuita mpenzi mtumie pongezi, imetosha.

Fundi_Mchikichini

Mimi hizo sare ndizo zinanilisha, lakini nitasema. Magauni ya kichen pati yanavaliwa mara moja, mengine yananing'inia kwangu mpaka leo, wenyewe walimalizia hela kwenye viatu.

Dada nunua kitenge, hapo usibishane, kisha mwambie fundi wako akushonee blauzi na sketi ya kawaida. Mikono weka ya puto kama wenzako. Bitana acha. Picha za kundi kubwa zinapigwa mmebanana, mkia wa samaki wanauona walio mstari wa mbele tu, wewe simama wa pili. Sketi utavaa kazini mwaka mzima.

Halafu kabla hujatuma hiyo 45,000 pita Kariakoo uulize kitenge hichohicho ni bei gani. Simtuhumu mtu.

BiMkubwa_Unguja

Msidhani ni huko Bara tu. Kwetu nikahi inafungwa msikitini, watu wakala haluwa na kahawa, imekwisha. Lakini njoo upande wa wanawake uone: hina, siku ya hiki, siku ya kile, na kila siku na nguo yake. Wanaume wanasema dini imerahisisha, lakini wanaotoa hela za nguo ni wao.

Tulifunga_Bomani

Mimi na mke wangu tulifunga kwa mkuu wa wilaya. Sheria ya Ndoa ni ya mwaka 1971, inataka mtoe taarifa ya kusudio siku 21 kabla, siku yenyewe muwe na mashahidi wasiopungua wawili. Hakuna mahali inapotaja ukumbi. Hata mahari, sheria inasema ndoa haibatiliki kwa kuwa hayakutolewa (wakwe zangu msisome hapa).

Kwa mama, kosa tunalofanya vijana ni kumpelekea uamuzi uliokwisha kupikwa. Mama mkwe wangu alinuna mpaka tulipomkabidhi orodha ya wageni wa pilau, tukamwambia ni watu hamsini, chagua wewe. Akakata majina kuliko ambavyo ningethubutu mimi. Na hayo ya mimba, yeyote anayehesabu miezi atahesabu tu, hata mkikodi ukumbi wa milioni kumi.

Mwalimu_wa_Kemia

Nimesoma zote, asanteni. Leo mchana nimetuma 30,000 kwa mweka hazina na maneno uliyonipa kaka, amejibu "Ubarikiwe sana mwalimu," nikashangaa. Friji nimesema nitatoa 20,000, mwenyekiti wa meza kaisoma, hajajibu. Kitenge nachukua, fundi wangu kakubali kushona blauzi na sketi kwa 25,000. Viatu navaa vyangu vyeusi, watanikata picha wakitaka.

Ya mama bado. Tulifunga_Bomani, hizo siku 21, tunahesabu kuanzia siku tunayopeleka taarifa?

Tulifunga_Bomani

Ndiyo, kuanzia mnapoitoa. Nendeni wote wawili na vitambulisho. Na usiende mwenyewe kwanza "kuulizia tu," utamkuta mtu mnayesali naye na mama atajua kabla hujafika nyumbani.

Mluguru_Mpole

Pilau nakuja single.