Nimetolewa kwenye apu nikakabidhiwa jukwaa la malipo, nianzie wapi?

kijana_wa_sinza

Wakuu, habari za jioni. Kwa miaka minne nimekuwa meneja wa bidhaa upande wa apu ya wateja. Mwezi uliopita nimekabidhiwa jukwaa lenyewe, yaani API ya malipo ambayo kampuni nyingine zinajiunganisha nayo: shule, maduka ya dawa, mabasi ya mikoani, sitini na kitu hivi. Bosi anataka kuona vitu vipya kila robo mwaka. Madevelopa wanataka tutoe toleo la pili, la zamani tulizime tarehe 1 Januari. Kwenye apu nilikuwa najua pa kuanzia: nakaa na mteja, namwangalia anavyobonyeza. Huku simwoni wa kumwangalia. Mliopitia kazi hii, mlianzia wapi na mlipima nini?

mlinda_lango

Mdogo wangu, hongera kwa kuaminiwa. Wa kumwangalia yupo, ila yuko mbali, na mara nyingi hajui hata kama wewe upo.

Nilipokuwa nasimamia jukwaa kama lako, tuliamua namba ya simu kwenye kolbaki, ule ujumbe ambao mfumo wetu unautuma kwa mfumo wa muuzaji malipo yakishapita, ianze na 255 badala ya 0. Tulituma barua pepe mara tatu, tukarekebisha nyaraka, Ijumaa usiku tukabadilisha. Jumamosi saa tatu asubuhi simu ikalia kutoka duka la dawa la jumla Mwanza. Hela zinaingia, risiti hazitoki. Mfumo wao ulikuwa unalinganisha namba iliyolipa na namba iliyo kwenye kadi ya mteja, na kwenye kadi imeandikwa 0754. Barua pepe zetu zote tatu zilikwenda kwa kijana aliyewajengea mfumo, ambaye alishaacha kazi miaka miwili nyuma.

Nyaraka zetu hazikuahidi ile 0 popote. Haikusaidia kitu. Kuna injinia aliyefanya kazi Google, Hyrum Wright, ambaye jina lake limebaki kwenye kanuni hii: API ikishakuwa na watumiaji wa kutosha, kila tabia yake inayoonekana, hata ambayo hukuiahidi, kuna mtu ameitegemea. Niliielewa siku ile, nikimsikiliza mwenye duka huku nyuma yake watu kwenye foleni wanalalamika.

Tulirudisha 0 saa ileile. Jumatatu nikapanda ndege, nikaenda kukaa nyuma ya kaunta yao siku mbili. Muuzaji anaweka kiasi, anabonyeza Lipa, anamtazama mteja. Ule ujumbe wa kuweka namba ya siri ukichelewa, anasubiri kidogo, anabonyeza tena. Mteja anapata maombi mawili, anaweka namba ya siri mara mbili, analipa mara mbili. Pembeni ya kompyuta kulikuwa na kaunta buku yenye kurasa zilizoandikwa juu WA KURUDISHIWA, kwa peni nyekundu. Wiki ile peke yake nilihesabu majina 11. Na kwenye ripoti yangu ya mwezi, malipo hayo ya ziada yalikuwa yamehesabiwa kama ukuaji wa jukwaa. Nilipongezwa kwa ukuaji ule kwenye kikao. Bado linanichoma.

Niliporudi nilisimamisha vitu vyote vipya hadi tumalize kimoja: kila ombi la malipo lije na namba yake ya kipekee, inayotokana na ankara na si na kila kubonyeza, na namba ileile ikirudi ndani ya saa 24 tunatoa jibu lilelile bila kuomba hela upya. Hakuna aliyetupigia makofi. Lakini nilipompigia yule muuzaji miezi miwili baadaye, aliniambia zile kurasa hazijaandikwa jina jipya tangu mwezi uliopita.

Kwa hiyo, kuhusu kupima: wingi wa maombi usikudanganye. Pima ni mangapi yamerudiwa. Pima pia siku zinazopita tangu mtu apewe funguo, yaani zile herufi za siri za kuunganisha mfumo wake na wenu, hadi shilingi yake ya kwanza ya kweli ipite. Bosi usibishane naye kwa maneno, mwonyeshe daftari kama lile.

Kuzima toleo la zamani, usipange tarehe kabla hujawajua waliomo kwa majina. Sisi tuliendesha matoleo mawili miezi 14, na ilituchosha kwelikweli. Mwishoni tulikuwa tunazima la zamani dakika kumi, Jumanne asubuhi, baada ya kuwapigia simu, ili aliyelala aamke wakati bado tupo kazini. GitHub nao mwaka 2020, kabla ya kuacha kupokea nywila kwenye API yao, walifanya kuzima kwa muda kama huko.

jirani_ngong_road

Naongeza kutoka Nairobi. M-Pesa ilianza 2007, na Daraja, lango la wazi la madevelopa, likaja 2017. Mimi nilijifunzia hapo. Uliza developa yeyote wa huku 174379 ni nini, atakujibu papo hapo: paybill, yaani namba ya kulipia biashara, ya majaribio. Unachukua funguo zako mwenyewe, unaweka hiyo namba, na simu yako inakuomba PIN kabla hujaongea na mtu yeyote wa mauzo. Nikisimamia jukwaa leo, hicho ndicho kitu cha kwanza nahakikisha kiko.

Cha pili ni mifano ya kodi. Tokeni pale, yaani kibali cha muda ambacho mfumo wako unakiomba ili uruhusiwe kutuma maombi, inaisha baada ya saa moja. Mimi nilinakili mfano wa mtu mtandaoni usioiomba upya, basi mfumo wangu ukawa unafanya kazi vizuri halafu unakwama, na nikakesha usiku mbili nikitafuta kosa. Watu hunakili kabla ya kusoma. Mifano ya kunakili iandikeni nyinyi wenyewe, na iwe kamili.

kijana_wa_sinza

Asanteni sana, nimeyafanyia kazi. Jana nimeshinda kwenye kumbukumbu za seva. Walio kwenye toleo la zamani ni 23. Kumi na nne ni shule. Watatu sina mawasiliano yao yanayofanya kazi, barua pepe zinarudi, simu hazipatikani, lakini malipo yao yanapita kila siku.

mlinda_lango

Shule kumi na nne, na mnazima tarehe 1 Januari? Wiki zile ndizo wazazi wanalipa ada. Kamwambie bosi hilo kesho, kabla ya jambo jingine lolote.

Hao watatu usiwatafute kupitia kwa madevelopa. Nenda idara yenu ya fedha. Kuna mhasibu wao anayetumiwa ripoti ya makusanyo kila asubuhi, na huyo huifungua. Anzia kwake.