Re: JKIA (Nairobi) hadi JFK (New York), mbona saa hazilingani?

> Wapendwa, mama anakuja New York mwezi wa kumi na moja. Mtandaoni naona umbali ni kilomita 11,800. Ndege inakwenda kama 900 kwa saa, kwa hiyo napata saa 13. Tiketi inasema 15. Kosa liko wapi?

Dada, hakuna kosa. Hizo kilomita zinapimwa kwa njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia, na ndege haiifuati hivyo hivyo. Saa za kwenye tiketi nazo huanza ndege inapoondoka langoni Nairobi, si inaporuka, zikaishia inapoegeshwa kule. Lakini mla saa mkubwa ni upepo. Huko juu kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki: mama atakuja akipambana nao, na akirudi utamsukuma. Ndiyo maana safari ya kurudi ni kama saa 14.

Ninachokuomba uangalie zaidi ni saa ya kutua. Marekani hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, na tofauti na Nairobi inatoka saa 7 kuwa 8. Akiondoka saa tano usiku, baada ya saa 15 Nairobi ni saa nane mchana. Kabla ya Jumapili hiyo New York itakuwa saa moja asubuhi. Baada yake, saa kumi na mbili.

Mimi hili lilinipata kwa mama mkwe. Nilipiga hesabu ya kichwani kwa tofauti ya zamani, sikusoma saa iliyochapwa kwenye tiketi. Nilipofika nilimkuta amekaa juu ya sanduku, kanga mabegani juu ya sweta, mkononi kikaratasi chenye namba yangu na hana simu ya kupigia. Hakunilaumu, lakini ile sura sijaisahau. Saa ya kwenye tiketi ni ya mahali ndege inapotua. Ifuate hiyo.

> Asante sana kaka. Je, akipitia Amsterdam si atazunguka mno?

Hapana. Nairobi–Amsterdam ni kama 6,700, Amsterdam–JFK kama 5,850. Jumla inazidi ile ya moja kwa moja kwa kilomita 700 na kitu, haifiki saa nzima angani. Kupitia Doha ndiko kuzunguka: jumla inapita 14,000. Ila kinachochosha ni kungoja kiwanjani, na kwa mama wa umri huo ningelipa zaidi aje moja kwa moja. Akilazimika kuunganisha, asiwe na chini ya saa mbili na nusu, na zote ziwe tiketi moja, ili akichelewa shirika ndilo limtafutie ndege nyingine. Omba pia kiti cha magurudumu unapokata tiketi, hata kama anatembea vizuri. Atasukumwa hadi lango la pili bila kuhangaika na vibao.

Ukipata tarehe ziandike hapa, tuzihesabu pamoja.