Mrejesho: urujuani wa mistari umezaa watoto wa mistari

Niliuliza kwa nini urujuani wangu wa Usambara (mmea wa maua wa chunguni, African violet) wenye maua ya mistari ulitoa watoto wa rangi moja tupu kila nilipootesha majani. Mlinijibu kwamba huo ni kaimera: tabaka za tishu zake zina jeni tofauti, na mche wa jani kwa kawaida hautokani na tabaka zote kwa mpangilio uleule, ndipo mistari inapopotea. Mkashauri nitumie bua la ua.

Imekubali! Nilichagua bua changa lenye vijani viwili vidogo chini ya maua, nikaondoa maua yote, nikalifupisha, nikalichomeka kwenye mboji laini iliyochanganywa na perlaiti (punje nyeupe nyepesi za kulegeza udongo) hadi vijani vikagusa uso wake. Juu nikafunika plastiki angavu. Mwanga mwingi, jua kali hapana, na unyevu wa kiasi. Bua moja lilioza, basi kateni zaidi ya moja.

Chipukizi lilitokea pale kimojawapo cha vile vijani viwili kinaposhikana na bua, tena kwa uvivu kuliko jani (subira inahitajika kwelikweli). Sasa mche umechanua, na mistari ni ya mama yake kabisa.

Urujuani wa rangi moja nitaendelea kuuotesha kwa majani, ni rahisi mno. Huyu mama naye ameanza kutoa machipukizi ubavuni. Hayo pia hutunza mistari, kwa hiyo nayaacha yapate majani kadhaa kabla ya kuyatenga. Asanteni sana.