Filamu ya Habib Swaleh: uso wake uonyeshwe?

Binti wa Langoni:
Asalaam alaikum, wana Amu (Lamu). Nimetazama *The Testament of Ann Lee*, filamu ya Mona Fastvold ya mwaka 2025. Amanda Seyfried ndiye Ann Lee, binti wa mhunzi wa Manchester aliyezaliwa 1736. Alizaa watoto wanne, wote wakafa wangali wadogo. Akafungwa jela kwa ajili ya imani yake, kisha mwaka 1774 akavuka bahari na wafuasi wachache hadi New York. Ndiye aliyeongoza Shakers, watu walioabudu kwa kuimba, kutetemeka na kucheza. Dini yao si yetu, lakini wakiimba pamoja pale, mawazo yangu yalikwenda moja kwa moja Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh huko Lamu.

Nasomea kupiga filamu Mombasa na natamani sana kuandika ya Habib Swaleh, mwanachuoni wetu wa Lamu. Je, mwigizaji anaweza kumwigiza? Uso uonekane?

Mshela:
Waalaikum salaam. Usimwonyeshe. Moustapha Akkad mwaka 1976 alitoa filamu nzima juu ya Mtume (s.a.w.) bila uso wake wala sauti yake. Anthony Quinn akawa Hamza, na hadithi ikasimama. Najua Habib si Mtume, lakini wapo wazee hapa ambao wataumia.

Mpiga Twari:
Mwanangu, suala la uso waulize wajukuu zake na walimu wa Riyadha, na uwaulize kabla hujaandika hata ukurasa mmoja. Mimi langu ni jingine.

Habib alikuja kutoka Ngazija, akakaa mtaa wa Langoni hapa Lamu, akawasomesha watu waliokuwa watumwa na watoto wao. Wakati huo elimu ya dini ilikuwa mali ya majumba makubwa ya Mkomani, mtaa wa mabwana. Halafu akaileta Maulidi ya Habshi, ile iliyotungwa Seyun, Hadhramaut, na ikasomwa kwa matwari, ngoma za kupigwa kwa mkono. Hapo mji ukachemka. Ngoma mskitini! Ukitaka filamu, iko hapo.

Nakuomba tu usiwafanye waliompinga kuwa watu wabaya. Walikuwa wanazuoni, na walikuwa na hoja za fiqhi ambazo mpaka leo zina wenyewe. Mwache mzee mmoja wa Mkomani aseme hoja yake yote, kwa heshima, kisha twari lilie. Mimi napiga twari tangu ujana, na bado nataka kuisikia hoja ile ikisemwa vizuri.

Jambo jingine: usitie muziki wa studio. Vijana wakiketi safu mbili wakiyumba pamoja, sauti ile haihitaji kuongezewa kitu.

Binti wa Langoni:
Shikamoo, ami. Sikuwa nimefikiria kuanzia kwa wapinzani. Na wanawake je? Ann Lee yuko katikati ya kila kitu. Kwetu, nyanya zetu walikuwa wapi usiku ule wa Maulidi?

Mpiga Twari:
Marahaba. Hilo waulize wao wenyewe, mimi sitawasemea. Njoo Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, wiki ya mwisho, wageni wakishajaa mji. Ukae na akina mama tangu alasiri hadi kasida ziishe, na siku ya zefe, yale maandamano, uwafuate mpaka kaburini kwa Habib. Kamera iache nyumbani mwaka wa kwanza.

Mshela:
Na ukija, Shela kuna nyumba ya shangazi yangu. Hutalala hotelini.