Woka kwa mtoto wa miezi 7: nishushe kiti au niiondoe?

Mlezi_Tanga
Habari zenu. Mtoto ana miezi 7, anakaa bila kuegemezwa, hajaanza kutambaa. Kwenye woka (fremu ya magurudumu yenye kiti cha kitambaa) anasukuma kwa ncha za vidole vya miguu, visigino viko juu. Hukaa humo jumla ya saa 4 kwa siku. Nishushe kiti mpaka nyayo zikanyage, au niiondoe kabisa?

Fizio_Watoto
Iondoe, dada. Ukishusha kiti nyayo zitakanyaga, ila uzito bado utabebwa na kitambaa. Akiyumba, fremu inamshika, kwa hiyo hajifunzi kujisawazisha. Meza ya mbele nayo inamficha miguu yake. Kule kusukuma kwa vidole hukaza misuli ya shavu la mguu. Utafiti wa Ireland uliotoka 2002 ulikuta kila saa 24 za woka zikiendana na kuchelewa kutembea kwa siku 3.3 na kusimama peke yake kwa siku 3.7. Ni uhusiano tu, haujathibitisha chanzo, lakini kwako saa 24 zinatimia kila siku 6. Na jiko je? Mtoto wa woka hulifikia sufuria kabla hujageuka. Kanada imepiga marufuku kuziuza tangu 2004.

Bi_Mkunga
Badala yake tandika mkeka. WHO, yaani Shirika la Afya Duniani (2019), inataka asiyetambaa alazwe kifudifudi angalau dakika 30 kwa siku, akiwa macho, kwa vipindi. Anza na dakika 3 hadi 5 baada ya kumbadilisha nepi, si mara tu baada ya kunyonya, atacheua. Akilia, viringisha kanga, iweke chini ya kifua, mikono ipite mbele yake. Kichezeo kiweke ubavuni, mbali kidogo na mkono, ili ajizungushe kukifuata. Akianza kujivuta asimame, mpe kochi au stuli nzito isiyoteleza, miguu pekupeku.

Mlezi_Tanga
Asanteni sana. Na mbeleko?

Fizio_Watoto
Mbeleko ni nzuri: mapaja yatanuke, magoti yawe juu kidogo ya makalio. Miguu isining'inie imenyooka. Isizidi saa 1 mfululizo. Kiwango hichohicho ni cha kigari cha kumsukumia mtoto na kiti chenye mikanda.

Kutembea kwa kawaida huja kati ya miezi 8 na 18, usimharakishe. Mpeleke kliniki mapema akitumia upande mmoja tu, miguu ikiwa migumu unapombadilisha nepi, au akiendelea kusimamia vidole wiki kadhaa baada ya woka kuondolewa.