Nairobi hadi New York ni masaa mangapi? Tiketi ya mathe inanichanganya

Kijana_wa_Umoja
Wasee habari zenu, naomba msaada. Mathe anaenda kumwona dadangu New York mwezi wa kwanza, hajawahi panda ndege, na amekatiwa ile ya moja kwa moja. Sasa tiketi inasema inatoka JKIA 23:30 inafika 06:30, hiyo si ni masaa 7 tu? Halafu ya kurudi inatoka 12:30 inafika kesho yake 10:30, yani karibu siku nzima, na njia ni ile ile! Mathe ana presha, dawa anameza saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, ndio maana nataka kujua ukweli.

Msafiri_South_B
Hizo ni saa za kila mji kivyake, bro. Mwezi wa kwanza New York iko nyuma yetu masaa 8, so ikifika 06:30 kwao huku ni 14:30. Hesabu toka 23:30 hadi hapo, ni masaa 15. Ya kurudi ukitoa hayo 8 unabaki na 14. Ni mbali sana, kama kilomita 11,800, na kwenda ndio kunachukua muda zaidi juu huko angani kuna upepo mkali unavuma toka magharibi kwenda mashariki, wakienda unawapinga wakirudi unawasukuma.

Shiku_nesi
Hapo kwa dawa sikiza vizuri. Mwambie asiguse saa yake ya mkononi mpaka watue. Saa mbili asubuhi ya Nairobi itampata angani, amekaa masaa 8 na nusu, na nje bado giza totoro juu ndege inaenda magharibi na usiku inaenda nao, karibu safari yote ni usiku. Akingoja kupambazuke ndio ameze atachelewa sana. Dawa aweke kwa mkoba anaoingia nao ndani, sio kwa sanduku, na daktari wake amwambie mapema atazipanga aje akishafika. Asimame atembeetembee na anywe maji, miguu huvimba.

Otis_Kayole
Kwani si afadhali apitie Dubai apumzike kidogo?

Msafiri_South_B
Dubai ni kama masaa 5, halafu toka hapo New York ingine 14 hivi, bado hujaweka kungoja. Na mama mzee ambaye hajawahi safiri atafute geti peke yake uwanja mkubwa vile? Mimi siwezi kubali, heri hayo 15 akae kiti kimoja.

Kijana_wa_Umoja
Asanteni sana, nimeelewa. Nimpeleke eapoti saa ngapi?

Shiku_nesi
Saa mbili na nusu usiku awe ameshafika. Outering jioni unaijua, tokeni mapema, na umwombee kiti cha wilichea, si lazima awe hawezi kutembea, yule anayemsukuma ndiye atamwonyesha njia mpaka mlango wa ndege.